Fedha za Chama cha Redio Zinunue Vyombo vya Ufundi Kwanza

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Mwanzo wa muhula ujao, mwezi wa Julai, Chama cha Redio cha shule yetu kitapiga kura juu ya fedha zilizochangwa na wazazi. Wengi wataka zinunue redio mbili za mkononi, zile nyeusi zenye eriali fupi, ambazo mtu hubonyeza kitufe akasema na mwenziwe akamsikia. Sisi wachache twataka zinunue mita moja ya kupimia umeme, vyuma viwili vya kulehemu, waya wa risasi, koleo na bisibisi, na kinachobaki kiwekwe kwa vipuri. Najua kwa nini tu wachache. Redio ya mkononi hupendeza macho, na mita haijampendeza mtu bado. Lakini naomba wenzangu, na wazazi ambao fedha hizi ni jasho lao, wanisikilize kabla ya kuinua mikono.

Kwa mzazi ambaye jambo hili ni geni kwake, redio ya ridhaa ni kazi ya watu wanaozungumza kwa redio wao kwa wao, mji kwa mji na hata bara kwa bara, pasipo mshahara wala biashara, kwa kupenda elimu yake tu. Kila nchi ina herufi zake za wito. Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Na zama za Mwingereza watu hawa wa Tanganyika walijulikana kwa VQ3. Mtu hawi na wito wake mpaka apate leseni, na kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kusikiliza ni jambo moja, kurusha ni jambo jingine. Asiye na leseni akibonyeza kile kitufe amevunja sheria ya nchi, hata kama alilosema ni "hamjambo" tu.

Basi na tujiulize, nani hapa shuleni mwenye leseni? Hakuna, mwalimu wala mwanafunzi. Kwa hiyo redio hizo mbili zikinunuliwa zitafungiwa kabatini, au zitatumika usiku kutoka bweni hata bweni, na sote twajua ni lipi kati ya hayo mawili litakalotokea. Tena nyingi katika redio hizi za bei nafuu hufunguka kwenye masafa yasiyo ya ridhaa hata kidogo, ambamo watu wengine wana kazi zao za maana. Mchezo wa bwenini waweza kumwangukia Mwalimu Mlezi wetu, ambaye hana kosa.

Liko na jambo la umbali. Redio ya mkononi hufanya kazi kwenye mawimbi yaendayo karibu kama mwanga: kilima kikisimama mbele, maneno yamekwisha. Nguvu yake aghalabu ni wati 5 tu, na watu wawili waliosimama chini kwenye tambarare husikizana kilomita chache. Anayetumaini kusema na Mombasa kutoka uwanja wetu wa mpira atachoka mdomo. Lakini haki isemwe: redio hiyo hiyo yaweza kusikiliza kituo cha angani cha kimataifa, kinachozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 400 hivi na kurusha sauti ya ridhaa kwenye megahezi 145.800. Kikipita juu yetu husikika dakika zisizozidi kumi, kisha chazama. Hilo ni zuri, nami ningependa kulisikia. Ila kwa kusikiliza tu, redio moja yatosha.

Sasa nije kwenye vyombo vya ufundi, maana huko ndiko kwenye faida.

Katika stoo ya maabara zimo redio tisa mbovu, nyingi za betri, zilizoachwa na waliotutangulia. Watu huziita takataka. Mimi nasema redio ya zamani ya transista haifi upesi kama inavyodhaniwa, na ugonjwa wake mara nyingi uko mahali ambapo hata mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kupafikia. Tuanze na betri. Betri iliyosahaulika ndani hutoa maji yanayokula vile vibati vya kugusia, na huacha unga mweupe au wa kijani. Kwa betri za kawaida za siku hizi, ziitwazo alkalini, tone la siki kwenye pamba huuondoa unga huo. Kisha paka msasa laini, pangusa, kausha. Hapa pwani chumvi ya hewa huifanya kazi hiyo hiyo hata bila betri kuvuja.

Kama vibati ni safi na bado redio ni bubu, tazama tundu la kipaza cha sikioni. Ndani yake mna kibati kidogo ambacho hukata spika mtu anapochomeka waya wa sikio. Kikichafuka au kikipinda, redio hudhani daima kuwa waya umechomekwa, nayo hunyamaza. Chomeka na kuchomoa mara kumi. Ukisikia sauti yaja na kwenda, umeupata ugonjwa bila kufungua hata skrubu moja. Spika nayo hujaribiwa kwa betri moja ya volti 1.5: gusisha nyaya zake mara moja tu, ikitoa mkwaruzo ni nzima. Kitufe cha sauti kikikoroma unapokizungusha, ni vumbi, na dawa yake ni kukisafisha.

Baada ya hayo ndipo mita yatakiwa. Yatuambia kama umeme unaotoka kwenye betri wafika kwenye bodi, na kama waya uonekanao mzima umekatika ndani ya ngozi yake. Bila mita fundi ni mganga wa kubahatisha: hubadili kipuri hiki, hubadili kile, na fedha huisha. Kwa mita twaweza pia kupima rezista, ingawa hizo hujisema zenyewe kwa rangi zake. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri. Manjano, zambarau, nyekundu: 4 na 7 na sifuri mbili, yaani omu 4,700. Nimewaona wenzangu waliolilia hesabu darasani wakizisoma rangi hizi upesi kuliko majina yao.

Kulehemu hakutaki nguvu, kwataka joto. Chuma kipashe moto waya na bodi kwa pamoja, ndipo risasi iletwe kwenye kiungo chenyewe. Ikiyeyushiwa juu ya chuma ikadondoshwa, kiungo chaonekana kama kimeshika na kumbe hakikushika. Kiungo chema hung'aa, na risasi huwa imetambaa. Kiungo kibaya hufifia na kuviringana kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Itumike risasi yenye ulimbo ndani yake. Ile tindikali ya mafundi bati italila bodi mpaka liishe. Na risasi ni sumu, basi mikono ioshwe kabla ya kwenda bwaloni.

Kapasita zile kama mapipa madogo hukauka kwa miaka mingi, na redio ya umeme wa ukutani huanza kuvuma. Badili kwa yenye maikrofaradi zile zile, na volti sawa au zaidi, kamwe zisipungue, na upande wa hasi ukae palipokuwa hasi. Ukigeuza, yaweza kupasuka. Naongeza onyo kwa wadogo zangu: redio yoyote ya kuchomeka ukutani isifunguliwe bila mwalimu. Umeme wetu ni volti 230, na kapasita kubwa huweza kuhifadhi mshtuko hata baada ya waya kuchomolewa.

Wenye kutaka redio za mkononi hunijibu hivi: "Mkisha kuzitengeneza mtafanya nini? Redio za taarifa ya habari tu hizo." Siyo. Redio yenye mawimbi mafupi hufika kwenye megahezi 7.0 hadi 7.2, nayo ni mahali pa watu wa ridhaa. Ukipita hapo usiku utasikia sauti kama ya bata, isiyo na neno hata moja. Huyo ni mtu anayerusha kwa njia inayoacha nyuma lile wimbi kuu la kubebea sauti ili kuokoa nguvu, na redio ya kawaida yamhitaji alirudishe. Twaweza kulirudisha kwa redio ya pili ya stoo. Redio nyingi za namna ya zamani, zile za kuzungusha sindano, zina mtambo ndani yake unaotoa wimbi dogo lililo juu ya masafa zilikofunguliwa kwa kilohezi 455. Kwa hiyo bata akiwa kwenye megahezi 7.100, weka redio ya pili kando ya ile ya kwanza, ifungue kwenye 6.645, izime sauti, uizungushe polepole sana. Bata atageuka mtu. Yataka subira, kwa kuwa hata kusogeza mkono huliyumbisha wimbi, lakini ni kazi ya redio mbili ambazo watu walitaka kuzitupa.

Eriali nayo si ya kununuliwa dukani. Gawanya 143 kwa megahezi, upate urefu wa waya kwa mita: kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo, ukatwe katikati, kila upande mita 10, mahali pa kukatia ndipo iteremke waya ya kwenda redioni. Miembe miwili nyuma ya maabara yatosha kabisa. Isipite karibu na nyaya za umeme, na mawingu ya mvua yakianza kujikusanya iondolewe redioni na kutupwa nje, bila kungoja radi ya kwanza. Jambo jingine la kushangaza ni kwamba taa za kisasa na chaja za simu hutoa makelele mengi kwenye mawimbi mafupi. Umeme ukikatika shuleni wengine hulalamika, nasi ndipo tutakaposikia vizuri.

Hoja yao moja naiheshimu. Husema wadogo wamejiunga ili waseme, na chama cha kusikiliza tu kitawakimbiza. Huenda. Kwa hao napendekeza king'ora kidogo, betri, na kitufe kwenye kila meza, na waya kati ya meza na meza, wajifunze kupelekeana herufi za Morse. Waya hauombi leseni. Tangu 2003 sheria za kimataifa hazilazimishi tena Morse kwa kila apataye leseni, lakini mlio wake hupenya makelele ambayo sauti ya mtu haipenyi, na mtambo wake ni rahisi kuliko yote kuujenga.

Kwa hiyo pendekezo nitakalolileta Julai ni hili: vyombo vya ufundi vinunuliwe sasa, Mwalimu Mlezi aombwe kuitafuta leseni, na gharama yake ilipwe kutoka kwenye salio, redio ya kurusha ifuate leseni ikisha kupatikana. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mitihani ya Novemba, wala hatutaibonyeza. Itakuwa ya walio Kidato cha Kwanza na cha Pili leo.

Kura yoyote ikishinda, redio za stoo zitafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya muhula. Mwenye redio mbovu nyumbani aje nayo siku ya kufungua shule, ameifunga kwa gazeti, na betri ziwe zimetolewa.