Mkono wa Gia Uliolegea



Yako magari ambayo watu wa Afrika Mashariki huyataja kwa heshima hata kama hawajapata kuyagusa, na mojawapo ni Datsun 240Z. Gari hilo la michezo, lililozinduliwa Japani mwaka 1969 na kuitwa huko kwao Fairlady Z, lilikuja kuonja vumbi na matope ya mashindano ya Safari, likashinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Likashinda tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mara hii ya pili ushindi ulikuwa mwembamba mno, kwani Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue.

Nusu karne imepita. Magari hayo sasa ni wazee, na kama wazee wote, yana maumivu yanayojirudia. Moja ni mkono wa gia kulegea. Dereva aushika, nao wayumba huku na huko kama mwiko ndani ya chungu kitupu. Aitafuta gia ya tatu asijue kama ameipata, na gari likifikia mwendo fulani mkono huo huanza kulia kama njuga.

Tunalozungumzia hapa si kelele tu, bali hukumu ambayo hutolewa haraka juu yake. Mwenye gari hulipeleka gereji, fundi huutikisa mkono mara mbili, kisha hutamka: giaboksi imekwisha. Basi giaboksi hushushwa, fedha nyingi hutoka, na pengine ile ya asili hutupwa pembeni na kufungwa ya gari lingine. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo, mara nyingi, humwonea asiye na hatia.

Kwani mkono wa gia haukuota ndani ya giaboksi. Chini kabisa, mahali macho yasipofika, umeshikwa na pini inayopita katika masikio mawili ya chuma, na baina ya pini na chuma kuna bushi mbili ndogo za nailoni. Bushi hizo ndizo zinazochukua misukosuko yote. Joto la giaboksi na miaka huzikausha, zikapasuka, zikamong'onyoka. Wapo wanaofungua na kukuta unga tu, na wapo wasiokuta kitu. Sehemu ya mkono iliyo chini ya pini ni fupi, na iliyo juu ni ndefu, hivyo nafasi ndogo kule chini huwa kubwa sana kiganjani.

Njia ya kupambanua ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na gari limezuiwa lisitembee, ingiza gia, kisha usukume mkono taratibu kila upande. Ukicheza hovyo ilhali gia imeshika, mtuhumiwa wa kwanza ni bushi. Lakini gia ikijitoa yenyewe unapoondoa mguu kwenye mafuta, au ikisaga meno wakati wa kuiingiza, hapo ugonjwa uko ndani, wala hatubishani na fundi anayetaka kuishusha.

Tena si jambo la kuahirisha. Katika gari la aina hii lenye giaboksi ya gia nne, mpangilio ni huu: ya tatu iko mbele upande wa kulia, ya nne iko nyuma yake, na ya pili iko nyuma vilevile lakini upande wa kushoto. Dereva aliye katika mwendo mkali akitoka gia ya tatu kwenda ya nne, mkono uliolegea waweza kuteleza kushoto na kuangukia ya pili. Injini itapiga kelele ya kupita kiasi, na magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma gari, yatashikwa ghafla. Barabara ikiwa na utelezi, hayo si mambo ya kusimulia kwa kicheko.

Matengenezo yenyewe hufanyika kutokea ndani ya gari. Kitasa cha mkono hufunguliwa kwa kuzungushwa, kifuniko cha katikati ya viti huinuliwa, raba ya kuzuia vumbi huvuliwa. Kipete kinachobana pini kikitolewa, pini husukumwa nje na mkono hutoka wote. Safisha, kagua pini kama imelika, tia bushi mpya na grisi, rudisha. Giaboksi za magari ya mwanzo hazifanani na zilizofuata, basi ijulikane kwanza ni ipi kabla ya kununua.

Hapo huzuka mabishano ya wapenzi wa magari haya: nailoni au shaba nyeusi? Wanaotetea shaba husema hudumu, na mkono hukaza kama mpya. Ni kweli. Ila chuma juu ya chuma hupitisha mtetemo mpaka kiganjani, na kinacholika baadaye huwa pini. Waliolibuni gari waliweka kitu laini wakijua wanachofanya. Kwa mashindano, shaba na itumike. Kwa gari la kwenda nalo mjini Jumamosi, sisi tuko upande wa nailoni. Ama wale wanaosokomeza vipande vya mpira wa tairi, au, la hasha, kuchomea pini, hao wanamwachia kazi ngumu zaidi atakayefungua baada yao.

Bushi hizi bado hutengenezwa na kuuzwa, nazo ni rahisi kuliko tangi moja la mafuta. Yafaa kuagiza jozi mbili, ya pili ikae katika kisanduku cha dashibodi.