Uchumi wa Kadogo, Bima ya Mkupuo

Jioni moja mama anayetuuzia mboga nje ya ploti alinipa simu yake. "Kijana, hebu niangalilie hii mambo ya SHA." Nikabonyeza *147#, maswali yakaanza. Ukuta ni wa nini? Paa je? Choo ni cha aina gani? Unapikia nini? Mwisho ikatoka hukumu: shilingi 610 kwa mwezi. Akatikisa kichwa, hiyo angejikaza. Kisha nikamwambia zinalipwa za mwaka mzima, mara moja. Shilingi 7,320. Akacheka. "Hata ukiuza hii meza na mboga zake, na mimi nikiwa juu, haifiki."

Tuambiane ukweli. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, tumebishana kuhusu mitambo kukwama na hospitali kudai pesa zao. Sawa, tubishane. Lakini kuna kosa lililokaa ndani ya sheria yenyewe, na hata mitambo ikipona leo, kosa hilo litabaki. Mwenye payslip hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, kidogo kidogo, hata hasikii uchungu. Asiye na mshahara anaambiwa alete ya mwaka mzima. Yaani mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi ndiye amepewa nafasi ya kulipa kwa awamu, na asiyejua kesho atauza ngapi ndiye anadaiwa miezi 12 mapema.

Nani aliandika hii kitu? Hakika si mtu aliyewahi kununua mafuta ya kadogo. Mtaani unga ni wa kadogo, sukari ni ya kadogo, tokeni za stima ni za hamsini hamsini. Si kwa kupenda. Pesa inaingia kwa siku, inatoka kwa siku. Wafanyabiashara walishaelewa. Mwaka 2020 Safaricom ilianza kuuza simu za Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku. Fuliza nayo hujilipa yenyewe pesa ikigusa tu M-Pesa. Sasa chukua kiwango cha chini kabisa cha SHA, shilingi 300 kwa mwezi, ukigawe: ni kama shilingi 10 kwa siku. Mandazi moja.

Mtetezi wa SHA atasema tukiruhusiwa kulipa kidogo kidogo tutalipa tukiugua, tukipona tunahepa. Hoja ina uzito, bima hufa hivyo. Lakini hebu fikiria: ni nani leo atakopa huku na kule apate ya mwaka mzima? Ni yule ambaye daktari ameshamwambia anahitaji upasuaji. Mzima hawezi kujitesa hivyo. Kwa hiyo malipo ya mkupuo yanaleta shida ileile yanayodai kuzuia. Weka makato ya kila siku, weka muda wa kungoja kwa anayeanza, tuone kama mzima atakataa.

Atasema pia kwamba zahanati ni bure ukijisajili. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini homa si kulazwa wiki mbili.

Serikali yenyewe inajua. Mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole. Jina tamu. Ukiifungua ndani, ni mkopo: unalipiwa ya mwaka, halafu unabaki na deni. Mwenye mshahara anapewa bima, mwenye kibanda anapewa deni la bima. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya afya. Hakikusema kila mtu mwenye akiba.

Yule mama bado hajalipa. Akilazwa kesho, najua kitakachofanyika. Mtu atafungua grupu ya WhatsApp, na sisi wa ploti tutatuma: hamsini, mia, mia mbili. Kidogo kidogo, mpaka bili iishe. Sisi hatujawahi kukataa hamsini ya mtu. Serikali inaikataa kwa nini?