Deni Limefunga Duka

Duka la jirani yetu hapa Mkomani limefungwa, sasa ni kibanda cha M-Pesa. Siilaumu M-Pesa, imetufaa tangu 2007. Nawalaumu wateja, yaani sisi. Tukiwa na pesa twakimbilia supamaketi. Zikiisha ndio twalikumbuka duka, tukaandikiwe unga na mafuta ya kupima kwenye daftari. Hata Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60, iliangushwa na madeni, ikafungwa kabisa 2020. Je, duka la mlango mmoja litahimili vipi? Mama alipokosa mshahara miezi miwili, tulikula kwa daftari la yule jirani. Na siku alipofunga (naona haya kuandika) tulikuwa hatujamaliza kumlipa.