Kabla ya kununua studio, uliza ufunguo una nani

SI ajabu siku hizi mzazi kuombwa kompyuta na mwanawe, si kwa masomo pekee bali kwa kutengenezea muziki. Zamani kijana aliyetaka kurekodi wimbo alifunga safari hadi Nairobi, akalipia studio kwa saa. Leo, hata katika mtaa wa mabanda kama Kipsongo, mjini Kitale, chumba kimoja, kompyuta ya mitumba, maikrofoni na blanketi la kuzuia mwangwi vyatosha kuanza kazi.

Hata hivyo, kuna maswali mawili ambayo wengi hawaulizi wanapotoa pesa zao. Ufunguo wa programu hiyo ya muziki unashikwa na nani? Na programu yenyewe hukubali kompyuta ya aina gani?

Chukua mfano wa Cubase, programu ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Kwa miaka mingi mnunuzi alipewa kijiti kidogo, mfano wa flashi, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Bila kijiti, programu haikufunguka. Nia ilikuwa kuwazuia waharamia, lakini kijiti kilipovunjika au kuibwa, aliyelipa kwa haki ndiye aliyebaki nje ya mlango wake mwenyewe. Mwaka wa 2022 kampuni ilitoa Cubase 12 isiyohitaji kijiti, na Mei 2025 ikafunga huduma ya leseni za vijiti vya zamani. Basi ukiuziwa Cubase kuukuu pamoja na kijiti chake kwa bei ya kutupa, fikiri mara mbili. Kijiti hicho kikifa, hakuna wa kukifufua.

Swali la pili nalo lina historia yake. Julai 2002, kampuni ya Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, watengenezaji wa programu ya Logic. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo, toleo la Windows lilikuwa limesimamishwa. Mwenye Windows alibaki na toleo lake la zamani, la sivyo anunue kompyuta ya Apple. FL Studio ya Ubelgiji, ipendwayo na vijana kwa midundo, ilikuwa kinyume: toleo rasmi la kompyuta za Apple lilikuja mwaka wa 2018. Aidha, FL Studio ya majaribio hukubali kuhifadhi kazi yako, lakini haikubali kuifungua tena mpaka ulipe. Mwanafunzi asiyejua hilo hukesha bure.

Kuna watakaosema, "Ya nini taabu hii, na programu zilizovunjwa kufuli zinapatikana kwa bei ya soda?" Wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huilinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na yakataza pia kuvunja kufuli lake. Isitoshe, programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. Na mwanamuziki anayelia kwamba nyimbo zake zinanakiliwa ovyo kwenye flashi, ilhali amezirekodi kwa programu ya wizi, ni yule nyani asiyeona kundule.

Njia ya halali si lazima iwe ghali. Audacity na LMMS hazilipiwi hata senti. Reaper hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani karibu Sh7,800. Zote tatu hufanya kazi kwenye Windows, Apple na Linux, na hakuna inayodai kijiti.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni kuilinda kazi yenyewe. Tuseme kwaya imerekodiwa Kipsongo, na kijana anataka kwenda kuimalizia katika studio ya Bungoma inayotumia programu nyingine. Akibeba faili ya programu yake peke yake, huenda isifunguke huko. Badala yake, na aitoe kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, gitaa na ngoma, katika faili za WAV zinazoanza zote mahali pamoja. Faili hizo hufunguliwa na takriban kila programu ya muziki. Azinakili mara mbili, nakala moja ikae nje ya kompyuta.

Programu yaweza kununuliwa upya na kompyuta yaweza kubadilishwa. Sauti ya nyanya aliyeimba mwaka huu haiwezi kurekodiwa tena akishatutoka. Usiiache nyuma ya kufuli ambalo ufunguo wake uko mikononi mwa kampuni ya ng'ambo.