Si Kila Kompyuta Inayokataa Imerogwa



Wiki jana dada mmoja wa kanisa letu alinipigia simu asubuhi akilia. (Ameniruhusu niseme haya bila jina lake.) Kwa siku tatu kompyuta yake ya ofisini ilikuwa ikimkataa. Anaweka jina, anaweka paswadi, inamwambia hawezi kuingia kwenye mtandao wa kazini. Akihamia meza ya mwenzake, paswadi ileile inakubali! Akaona basi kuna mtu pale anampiga vita, na jina la huyo mtu alikuwa nalo. Alitaka tufunge na kuomba.

Niliomba naye. Halafu nikamwuliza, kabla hujaweka paswadi, kioo kinaonyesha saa ngapi na tarehe gani?

Kimya. Kisha, "Pasta, inasema ni saa nane usiku, tarehe mosi Januari."

Watu wa Mungu, tumezoea kumpa shetani sifa kwa kazi ambayo hakuifanya. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, inayoshika saa umeme ukizimwa. Ikiisha, saa inarudi nyuma. Na katika ofisi nyingi zinazotumia Windows, saa yako ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, unakataliwa hata kama paswadi ni sahihi. Imewekwa hivyo kwa usalama, ili mwizi aliyenasa ruhusa ya kuingia ya zamani asiitumie tena baadaye.

Jibu lilikuwa mbele yake tangu siku ya kwanza. Kama akaunti yake ndiyo ingekuwa na shida, ingekataa kwenye kila meza. Ilikataa kwenye mashine moja tu, kwa hivyo shida ni ya mashine.

Ikikataa kote, hapo ni akaunti. Angalia Caps Lock. Usijaribu mara ya kumi, utafungiwa kabisa. Na kama ulibadilisha paswadi juzi, angalia simu yako: huenda bado inafungua barua pepe ya kazi kwa paswadi ya zamani, inagonga mlango usiku kucha mpaka akaunti inafungwa. Adui ni simu iliyo mfukoni mwako! Piga simu kwa watu wa ICT. Na tafadhali usiombe paswadi ya jirani "uingie kidogo tu". Kitu kikiharibika, jina lake ndilo litakalosomwa.

Mimi naamini vita vya kiroho vipo. Lakini Nehemia na wenzake walipotishwa waliomba, kisha wakapanga ulinzi wa mchana na usiku. Sisi wachungaji tuna lawama hapa, kwa sababu tumewafundisha watu kutafuta mchawi kabla ya kutafuta fundi.

Betri ilibadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini kwa siku tatu dada yetu hakumsalimia mwenzake, na jina la yule mama alikuwa ameshalitaja kwenye kikundi cha maombi, mbele ya watu ambao hawajawahi hata kumwona. Hakuna fundi wa kurekebisha hilo. Ameanza kuwapigia simu mmoja mmoja, na kesho ataenda kuketi na yule mama mwenyewe. Mwombeeni.