Simulizi za Bogoro zina wenyewe

Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003, wapiganaji wa Kilendu na Kingiti walishambulia Bogoro, kijiji chenye Wahema wengi mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, kilicho njiani kutoka Bunia kwenda Ziwa Albert. Kila inapopendekezwa kwamba simulizi za walionusurika zihifadhiwe, huzuka hoja tatu za kupinga.

"Mahakama imeshaandika yote." Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliandika yale yaliyohitajika kuamua kesi. Kati ya washtakiwa wawili wa shambulio hilo, Mathieu Ngudjolo aliachiwa huru mwaka 2012. Germain Katanga alifungwa miaka 12 kwa hukumu ya 2014. Majaji wenyewe, walipomwachia Ngudjolo, walisema uamuzi huo haukanushi yaliyowapata watu wa Bogoro. Kesi hutafuta aliyetenda kosa. Maisha ya kijiji kabla ya shambulio, na namna waliobaki walivyoanza upya, hayana nafasi kizimbani. Tena, shahidi aliyesema Kiswahili huko The Hague, mahakama hiyo ilipo, maneno yake yanasomwa leo kwa Kifaransa na Kiingereza.

"Masimulizi ya mdomo si ushahidi." Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake Kongo, alionyesha katika kitabu chake cha 1961 jinsi ya kuyapima: nani kasimulia, kayapata kwa nani, wengine wanasemaje. Karatasi nazo hupimwa hivyo hivyo. Na Katanga hakutiwa hatiani kwa karatasi tupu. Watu walisimama wakasema waliyoyaona.

"Kukumbusha ni kuchochea." Hoja hii ina uzito, kwa kuwa Ituri bado haijatulia. Mwaka 2017, mahakama ilipotoa amri ya fidia kwa waathirika 297, wengi wao walikuwa wamekataa mnara na sherehe za kumbukumbu, wakihofia kuamsha machungu. Walitaka nyumba, masomo ya watoto, njia za kujipatia riziki na msaada wa kisaikolojia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uamuzi wao uheshimiwe. Lakini kukataa mnara si kukubali kusahauliwa. Wamekataa kukumbukiwa kwa namna iliyopangwa na wengine.

Kwa hiyo hifadhi ya Bogoro ianze na masharti ya wenyewe. Msimulizi aamue kama jina lake litajwe, nani asikilize, na lini. Akibadili nia, arudishiwe sauti yake. Wahema, Walendu na Wangiti wote wasimulie, kila mmoja kwa lugha yake. Nakala zikienda Kinshasa au kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, rekodi za asili zibaki Ituri, na funguo zishikwe na waliosimulia.