BODABODA WA AWENDO NAYE NI MFANYA KAZI



Wako wenzetu wanaovunjika miguu katika mashamba ya miwa ya Awendo, na hakuna tajiri hata mmoja anayekubali kuwa ni watu wake. Twasema juu ya waendeshaji wa bodaboda. Labda mmoja wenu atauliza, pikipiki zina habari gani na watu wa reli? Habari ipo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Awendo haikufika mpaka leo. Mwenzetu wa Migori akienda likizo hushuka kwenye basi kando ya barabara kuu itokayo Kisii, na kutoka hapo mpaka nyumbani kwa mama yake hubebwa na kijana wa pikipiki.

Barabara kuu ina lami, lakini kazi ya bodaboda haiishii kwenye lami. Iko ndani, katika njia za miwa. Miwa ikikomaa hupita kichwa cha mtu, na kwenye kona humwoni anayekuja. Trekta huvuta trela usiku bila taa ya nyuma, ng'ombe hutokea ghafula, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Aliyeanguka huko saa mbili usiku huweza kulala hapo mpaka wakata miwa wampate asubuhi.

Halafu twasikia wakubwa wakisema, "Vijana hawa wanakimbia ovyo." Wako wanaokimbia, ni kweli. Lakini pikipiki nyingi si zao. Mwenyewe hutaka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana akishalipa hesabu na petroli, ndipo aanze kutafuta unga wa watoto. Nani atakwenda polepole kwa masharti hayo? Na siku akivunjika, tajiri huja mbio, kuangalia pikipiki.

Sheria ya mwaka 2007 juu ya kuumia kazini yamlazimisha tajiri kuwakatia watu wake bima na kulipa matibabu yao, na mtu akilemaa kabisa fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Mawakili waliipinga kortini miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaithibitisha Disemba 2019. Sheria nzuri. Lakini ni ya mtu mwenye mkataba wa kuajiriwa, na mwenye pikipiki hujibu, "Huyu sikumwajiri, nimemkodisha tu." Bima ya pikipiki inayolazimishwa na sheria nayo ni ya abiria na watu wengine walioumizwa, mwendeshaji mwenyewe hayumo. Basi milango yote miwili imefungwa. Ujanja huu si mgeni kwetu: tajiri akitaka kukwepa fidia, hubadili jina la mtu kabla ya kubadili kazi yake. Twasema hivi: anayepokea hesabu kila jioni ni tajiri, na ahesabiwe hivyo.

Serikali nayo isijifiche. Mwaka 2008 iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, nchi ikajaa pikipiki. Ya mifupa itakayovunjika iliachwa kwa ndugu wa mgonjwa na michango ya harambee.

Tena kuna mambo ya hospitali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayoweza kumtibu mtu wa dharura ikakataa. Mkiambiwa "leteni pesa kwanza" na mtu anatoka damu, tajeni sheria hizo mbili kwa sauti, mbele ya watu.

Hata hivyo wengi huharibiwa kabla ya kufika hospitali. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita nzima na zaidi yaweza kumwagika ndani ya nyama, na nje usione kitu. Mtu huyo hukalishwa kwenye pikipiki nyingine, katikati ya watu wawili kama mshikaki, mguu ukining'inia! Afadhali kungoja pikapu. Fungeni mguu mbovu pamoja na ule mzima, mlazeni juu ya mlango au ubao. Mfupa ukitokeza nje, funikeni kidonda kwa kitambaa safi, msitie udongo wala majani. Huyo ataka sindano ya pepopunda na dawa za kuzuia usaha upesi, siku ileile, na mganga wa mifupa wa kijijini hanazo. Na helmeti isining'inizwe kwenye usukani kwa kumwogopa polisi tu. Uchunguzi wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa hupunguza vifo vya waendeshaji kwa 42 katika kila 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika kila 100.

Wako wanachama wanaosema chama ni cha wenye mshahara. Hao twawauliza: mtoto wako aliyekosa kazi ya reli anafanya kazi gani sasa?

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa tawi. Mwenye ndugu aliyevunjika alete karatasi za hospitali, risiti, na jina la aliyekuwa akipokea hesabu.